Kabureta mbili, mpira mmoja: ufundi wa pikipiki kwenye barabara ya Kasongo na Kabambare

Mwashi anayejenga nyumba anajua mpira wa maji. Anachukua mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, anautia maji, mtu mmoja anashika ncha kwenye kona hii na mwingine kwenye kona ile. Maji yakitulia, yako sawa pande zote mbili, hata kama macho yanadanganya. Chombo hicho hakina namba wala betri. Kinalinganisha tu upande mmoja na mwingine.

Mpira huo huo, ukitiwa mafuta ya injini badala ya maji, umewasaidia wenye pikipiki wa inchi nyingi kufanya nyumbani kazi ambayo gereji kubwa hufanya kwa vipimo vya bei kali: kusawazisha kabureta mbili za injini moja ili zivute hewa kwa nguvu sawa. Kati ya Kasongo na Kabambare kazi hiyo ni nadra, kwa sababu pikipiki zinazobeba abiria na mizigo huku karibu zote zina silinda moja, na silinda moja inatosheka na kabureta moja. Historia ya namna pikipiki ilivyofika na kabureta moja ndiyo inaeleza kwa nini fundi wa Maniema ya kusini anafanya kazi kwa sikio, na kwa nini sikio hilo linapata taabu fundi anapohamishwa na vita.

Barabara yenyewe ni ya zamani kuliko gari. Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilifika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikaendelea Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Kabambare ilikuwa kituo cha kupumzika na kuweka akiba. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani, na wengi waliozibeba walikuwa mateka. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo, kikabaki. Mwaka 1893 askari wa Dola Huru la Kongo waliteka Nyangwe na Kasongo, na mwaka 1894 wakaingia Kabambare.

Wabelgiji walileta reli, lakini haikufika Kasongo mjini. Njia ya Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwaka 1911, nayo inapita ngambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo iko mashariki ya mto. Mzigo wa Kasongo ulipaswa kuvuka maji kabla ya kupata treni, na mzigo wa Kabambare ulipaswa kwanza kutembea zaidi ya kilomita mia moja kufika Kasongo. Barabara za gari zilichongwa, malori yakapita, mchele na pamba vikatoka. Tena zikaharibika. Uasi wa Simba ulifika Maniema mwaka 1964 ukitokea upande wa Uvira na Fizi. Vita vya 1996 na vile vya 1998 hadi 2003 vikamalizia kilichobaki. Madaraja yalioza, na lori likawa kitu cha kusubiriwa.

Hapo baiskeli ilichukua kazi ya lori. Mtu aliisukuma kwa mkono huku imebeba magunia, chumvi, mafuta ya mawese, au mgonjwa amelazwa juu ya fito. Yule msukumaji ndiye mtangulizi wa motari wa leo, na njia yake nyembamba pembeni ya mashimo ndiyo motari anayoifuata.

Pikipiki si kitu kigeni kabisa katika Kongo. Viwanda vya FN, Saroléa na Gillet vilikuwa vyote Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, na FN ilitengeneza pikipiki tangu mwaka 1901 hadi miaka ya 1960. Baadaye wamisionari, wauguzi na mashirika ya misaada sehemu nyingi za Afrika walipanda Yamaha AG100, Yamaha DT125 na Honda XL125. Zote hizo ni silinda moja. Lakini zilikuwa za padri, za daktari, za mradi. Kuenea kwa pikipiki kwa raia wa kawaida, mpaka kijana wa kijijini akaweza kuikodi kwa siku na kurudisha hesabu jioni, ni jambo la baada ya vita, zilipoingia kwa wingi pikipiki za Kichina na za Kihindi.

Injini ya nyingi kati ya zile za Kichina ina historia ambayo motari anayeikalia anastahili kuijua. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Honda ya Japani iliona kwamba katika inchi maskini wateja walipakia pikipiki kupita kiasi, walichelewa kubadilisha mafuta ya injini, na hawakusafisha chujio la hewa. Injini zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara za lami zilikufa mapema. Wahandisi wake wakarudi nyuma: wakaacha mnyororo wa ndani na kamshafti ya juu, wakatumia fito za kusukuma vali kama injini za zamani. Pikipiki hiyo iliitwa CG125. Viwanda vya China viliiga injini yake kwa wingi mkubwa, na uzao wake ndio unaopanda vilima vya Maniema leo. TVS na Bajaj za India zina mpango mwingine wa ndani, lakini wazo ni lile lile: silinda moja, kabureta moja, vipuri vya bei ndogo, na kila kitu kifunguliwe kwa funguo chache.

Wakati huo Ulaya, Japani na Marekani zilikuwa zinakwenda upande mwingine. Triumph Bonneville ya Uingereza ilitoka mwaka 1959 ikiwa na silinda mbili na kabureta mbili. BMW za Ujerumani zilikuwa na silinda moja kushoto na nyingine kulia, na nyingi kati yake zilikuwa na kabureta kwa kila upande. Honda CB750 ya mwaka 1969 ilikuwa na silinda nne na kabureta nne. Mbio ziliongezeka, na tatizo jipya likaja. Ikiwa kabureta ya kushoto imefunguka kidogo kuliko ya kulia, silinda moja inamburuta mwenziwe. Injini inatetemeka, inakula esansi, ralanti inapanda na kushuka yenyewe, na mnyororo unapigapiga. Watu wawili wanaobeba gogo moja wanajua jambo hilo. Mmoja akitangulia kidogo, mabega ya wote wawili yanaumia.

Gereji zilizojiweza zilinunua kipimo chenye nguzo za zebaki, kizazi cha mbali cha bomba la Torricelli, Mtaliano aliyepima uzito wa hewa kwa zebaki mwaka 1643. Mwenye pikipiki asiyejiweza alitafuta njia ya nyumbani, naye alianza kwa msumari. Kabureta zikiwa zimefunguliwa mezani, misumari miwili ya unene mmoja, au vijiti viwili vya kiberiti, huwekwa chini ya vile vizibo vinavyopanda na kushuka. Waya za akselereta hukazwa mpaka vizibo viachie misumari kwa wakati mmoja. Hiyo inatosha kuifanya injini iwake.

Kazi ya pili ni ya mpira. Unahitajika mpira unaoonyesha ndani, mwembamba, wa kama mita nne, ufungwe juu ya ubao ukifanya kitanzi kirefu chenye umbo la herufi U. Chini ya kitanzi hutiwa mafuta ya injini, kiasi cha kujaza kama mita moja. Kila ncha huunganishwa na kitundu kidogo kilichoko kwenye shingo kati ya kabureta na injini, kitundu ambacho kwa kawaida kimezibwa na skrubu. Injini ikipata joto na kukaa kwenye ralanti, kila silinda inanyonya mafuta upande wake. Mafuta yatapanda kuelekea silinda inayonyonya kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo ambayo kabureta yake imefungwa zaidi. Fundi anageuza skrubu ya upande mmoja polepole, anasubiri mafuta yatulie, anageuza tena, mpaka pande zote zisimame sawa. Kisha anapandisha mwendo kidogo na kutazama kama usawa unabaki.

Urefu wa mpira si urembo. Tofauti ikiwa kubwa, mafuta yanaweza kupanda mpaka yakaingia ndani ya injini. Yakiwa mafuta ya injini, kutatoka moshi wa dakika chache na mambo yataisha. Ndiyo maana wajuzi hawatii maji wala mafuta ya breki, na ndiyo maana huziba kidogo kila ncha kwa kipande chenye tundu jembamba, ili mafuta yasiruke kwa kila mpigo. Zebaki haifai kabisa kwa kazi ya nyumbani. Inachi yenye dhahabu, kama teritwari ya Kabambare, inafaa kusikia hilo kwa sauti kubwa, kwa sababu katika machimbo mengi ya wachimbaji wadogo duniani zebaki hutumika kukamata dhahabu, na mtu akiiona ndani ya chupa anaweza kudhani ni kitu cha kuchezea. Moshi wake hauonekani, na unaharibu ubongo na figo, hasa za watoto.

Sasa arudi motari wa Kasongo na kabureta yake moja. Mpira wa herufi U haumsaidii sana, kwa sababu hakuna upande wa pili wa kulinganisha. Hapo ndipo ugumu wa kazi yake unapoonekana. Fundi wa kabureta mbili anaweza kuwa mgeni kabisa kwa pikipiki hiyo: mafuta yakisimama sawa, kazi imekwisha. Fundi wa kabureta moja analinganisha pikipiki ya leo na ile ya jana, sauti hii na sauti anayoikumbuka. Kipimo chake kiko kichwani.

Kazi yenyewe ni fupi ukiitazama kwa nje. Injini inapashwa joto kwanza. Anayerekebisha injini ya baridi anapoteza saa yake. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na esansi inafungwa polepole mpaka iguse, bila kukazwa, maana ncha yake ni laini na ikiharibika kabureta nzima imeharibika. Halafu inafunguliwa kama mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo fundi anaigeuza kidogo kidogo, mbele na nyuma, akisikiliza mahali injini inapozunguka kwa kasi zaidi bila kuguswa akselereta. Akipapata, anashusha ralanti kwa skrubu nyingine, kisha anarudia mara moja zaidi. Baada ya safari fupi anafungua buji na kutazama rangi. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi ni esansi nyingi au chujio la hewa lililojaa vumbi. Nyeupe ni hatari: hewa imezidi, injini inachemka, na pistoni inaweza kukwama katikati ya msitu.

Buji ndicho chombo cha kupimia ambacho fundi wa silinda moja anacho bila kukinunua. Wengi hawakitumii vya kutosha. Wanasikiliza tu, wanaridhika, wanaiachia pikipiki iende.

Kuna ubishi wa zamani kuhusu waya. Ndani ya kabureta mna vitundu vya shaba ya njano, jikleri, ambavyo ukubwa wake umepimwa kwa sehemu za milimita. Uchafu ukiziba, mkono unakwenda haraka kwenye uzi wa chuma uliochomolewa kwenye kebo ya breki. Uzi huo unazibua, ndiyo, lakini chuma ni kigumu kuliko shaba, na kila mara kinakwangua. Baada ya kuzibuliwa mara nyingi, tundu limekuwa kubwa, pikipiki inakunywa esansi, na mwenyewe analaumu mwuza esansi. Unywele wa brashi, uzi mmoja wa waya laini wa umeme, au pumzi ya pampu ya baiskeli vinafanya kazi ile ile bila kuumiza. Pampu ya baiskeli, kwa kweli, ndiyo kifaa bora zaidi kilichobaki kutoka wakati wa wasukumaji.

Mwuza esansi naye si mtakatifu kila siku. Katika miji mingi ya Kongo wanaouza esansi kwa chupa na bidoni kando ya barabara wanaitwa Kadhafi, kwa jina la yule aliyekuwa kiongozi wa Libya. Esansi iliyosafiri mbali, ikamiminwa kutoka bidoni hadi bidoni chini ya mvua, inabeba maji na mchanga. Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini ya bakuli la kabureta, mahali ambapo jikleri inanyonya. Skrubu ndogo ya chini ya bakuli iliwekwa kwa ajili hiyo: inafunguliwa, yanatoka matone machache, inafungwa. Kazi ya dakika moja. Kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili juu ya mdomo wa tangi kinazuia mchanga. Mpira wa dripu ya hospitali, ambao unavutia kwa sababu unaonyesha esansi ikishuka, haufai kuwa njia ya esansi: esansi inaukausha, unakuwa mgumu, unapasuka, na matone yanaangukia injini ya moto.

Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linafanya ubaya wa namna nyingine. Chujio likijaa, injini inakosa pumzi, na kuna wanaoamua kulitoa kabisa ili pikipiki ivute vizuri. Inavuta vizuri kwa wiki chache. Halafu vumbi linakula ringi za pistoni, moshi wa buluu unatoka, na mashine inaliwa kutoka ndani. Sponji la chujio linaoshwa, linakaushwa, linapakwa mafuta kidogo ya injini, linarudishwa.

Haya yote yangekuwa mambo ya gereji tu kama pikipiki ingekuwa ya starehe. Katika Kasongo na Kabambare, pikipiki ndiyo inayompeleka mama mwenye uchungu kwenye kituo cha afya usiku. Ndiyo inayobeba sanduku la chanjo lenye barafu, ambayo haisubiri fundi. Na vita vikianza tena upande wa Salamabila au Wamaza, familia yenye pikipiki inatoa kwanza bibi na watoto wadogo, halafu inarudi kuchukua magodoro. Injini inayozimika kwenye ralanti, ambayo sokoni ni kero ndogo, kwenye kivuko cha mto au mbele ya kizuizi cha watu wenye silaha ni jambo jingine.

Waliokimbia wanakimbia pia na ufundi wao. Hapo kuna jambo moja ambalo mafundi waliohama wanapaswa kulijua, maana linaweza kuwaaibisha mbele ya wateja wapya bila kosa lao. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Kasongo iko chini ya mita 1,000. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyorekebishwa bondeni inatoa esansi nyingi kuliko hewa iliyopo: pikipiki inakuwa nzito, buji inakuwa nyeusi. Fundi wa Bukavu anapunguza esansi, na anafanya vizuri. Pikipiki hiyo hiyo ikiuzwa na kushuka hadi Kasongo, hewa inakuwa nzito, mchanganyiko unakosa esansi, buji inageuka nyeupe na injini inachemka. Fundi wa bondeni aliyepanda mlimani anakutana na kinyume chake, na sikio lake, lililozoea sauti ya nyumbani, linamdanganya kwa wiki za kwanza.

Kwa pikipiki iliyotoka milimani, dawa si kubadilisha kabureta, ingawa mwenye duka la vipuri atasema hivyo. Ni kuanza upya: skrubu ifungwe mpaka iguse, ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu, injini ya moto isikilizwe, na buji ifunguliwe baada ya kilomita chache. Kama bado ni nyeupe, ile sindano ya ndani ya kabureta ina mikato midogo kichwani yenye kipini. Kipini kikishushwa mkato mmoja, sindano inapanda na esansi inaongezeka. Mkato mmoja, halafu safari nyingine fupi, halafu buji tena.